Kwa nini rangi ya silva hujigawa vyumba kabla haijakauka

Msomaji mmoja, fundi wa mageti na madirisha ya chuma, ameuliza hivi: "Nilichanganya rangi ya silva na thina, kiasi kidogo kikabaki kwenye mfuniko wa kopo. Kabla hakijakauka nikaona unga wa silva unatembea wenyewe na kujipanga vyumba vyumba kama sega la nyuki, kila chumba kinafurukuta katikati. Mfuniko ulikuwa mezani, kivulini, hakuna moto wala jua. Mwenzangu anasema hiyo ni thina feki. Je, ni kweli? Na ni jambo hilohilo linalofanya geti la kijivu likauke na madoa, huku kumekoza weusi, huku kumepauka?"

Fundi, kwa hilo uliloliona thina yako haina kesi. Thina safi, tena ile kali inayokauka upesi, ndiyo inayofanya hivyo kwa nguvu zaidi. Na ndiyo, madoa ya geti la kijivu chanzo chake ni hichohicho, ingawa pale kuna mambo mawili ya nyongeza nitakayoyafikia.

Unasema hapakuwa na moto. Lakini kimiminika hakihitaji moto ili kizunguke. Kinahitaji tofauti ya joto kati ya chini na juu. Tofauti hiyo unaweza kuipata kwa kupasha chini, kama jikoni, au kwa kupoza juu ukaacha chini kama kulivyo. Mfuniko wako ulikuwa unapozwa juu muda wote, na kilichokuwa kinaupoza ni kukauka kwenyewe.

Kimiminika kikigeuka mvuke, chembe zinazochomoka usoni ni zile zenye nguvu kuliko wenzake, nazo huondoka na joto. Hilo huitwa joto fiche la mvuke. Kilo moja ya maji ikikauka katika hali ya kawaida hubeba karibu kilojuli 2,450. Kilo ya spiriti hubeba karibu 900, na ya asetoni, ambayo imo katika thina nyingi, karibu 540. Namba ya asetoni ni ndogo, ila isikudanganye: asetoni huchemka kwenye digrii 56 tu, hivyo hata ikiwa mezani inaruka kwa kasi ambayo maji hayaifikii, na joto inaloondoka nalo kwa kila dakika ni kubwa. Ndiyo sababu thina ikikumwagikia mkononi unasikia baridi. Gramu moja ya spiriti ikiruka na joto lote likatolewa na spiriti iliyobaki, inatosha kupoza gramu 37 kwa digrii 10.

Baridi hiyo inazaliwa usoni tu. Chini kuna bati la mfuniko lenye joto la chumba. Kwa hiyo una tabaka lenye sakafu vuguvugu na dari baridi, na hakuna aliyewasha jiko.

Hapa wengi, hata baadhi ya wanaofundisha fizikia, hukimbilia maelezo ya sufuria: kilicho baridi ni kizito kinazama, kilicho moto ni chepesi kinapanda, mzunguko unaanza. Maelezo hayo ni sahihi kwa sufuria. Kwa mfuniko wako hayatoshi, na hesabu inaonyesha hivyo bila huruma. Nimeipiga kwa spiriti, kwa sababu tabia zake zinajulikana vizuri kuliko thina ambayo ni mchanganyiko. Katika tabaka lenye kina cha milimita 1, ili uzito peke yake uanzishe mzunguko, uso lazima uwe baridi kuliko sakafu kwa digrii 8 hivi. Punguza kina kiwe moja ya kumi ya milimita, yaani koti la rangi mbichi kwenye bati: sasa unahitaji tofauti ya digrii zaidi ya 8,000. Nguvu ya uzito kuanzisha mzunguko hufuata kina kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe, hivyo ukipunguza kina mara kumi unaidhoofisha mara elfu. Katika tabaka jembamba, mnato wa kimiminika na kasi ya joto kujisambaza vinauzima mzunguko wa uzito kabla haujazaliwa.

Kinachosukuma ni uso wenyewe. Kila kimiminika uso wake umevutwa, unataka kujikunja uwe mdogo. Huo ndio mvutano wa uso, na hupungua joto linapoongezeka. Maji kwenye digrii 20 yana milinyutoni 72.8 kwa mita. Kwenye digrii 100 yamebakiwa na 59 hivi. Spiriti ina 22 tu, nayo hupungua kidogo kidogo kwa kila digrii. Sasa fikiria penye uso wa tabaka lako pametokea doa lililo na joto kidogo kuliko jirani zake, hata kwa sehemu ndogo ya digrii. Mvutano wa pale umelegea. Jirani baridi wanavuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ngozi ya juu inakimbia kutoka penye joto kwenda penye baridi. Nafasi iliyoachwa lazima ijazwe, na kilichopo cha kuijaza ni kimiminika cha chini, ambacho ni vuguvugu. Kikipanda kinalipasha doa lilelile, mvutano unalegea zaidi, uso unakimbia zaidi. Doa linajilisha lenyewe.

Kwa njia hii kizingiti kinashuka sana. Katika spiriti ya kina cha milimita 1, tofauti ya moja ya kumi ya digrii inatosha kuanzisha mzunguko. Linganisha na zile digrii 8. Je, kukauka kunaweza kuileta hiyo moja ya kumi? Hesabu ya joto linalopita katika tabaka inasema unahitaji kupoteza gramu 66 za spiriti kwa kila mita ya mraba kwa saa. Spiriti iliyoachwa wazi hupita hapo kirahisi, na ukiipitishia upepo ndiyo kabisa. Uzito unakuja kulingana na uso tu tabaka linapofika kina cha milimita 9 hivi. Chini ya hapo uso ndio bosi.

Haya hayakujulikana mara moja, na kisa chake kinanifurahisha kwa sababu rangi imo ndani. Mwaka 1900 Mfaransa Henri Bénard alichapisha majaribio yake ya tabaka jembamba, la milimita moja au chini ya hapo, la nta ya nyangumi iliyoyeyushwa juu ya bamba la chuma lililopashwa kwa mvuke. Aliona vyumba vya pembe sita vilivyonyooka kiasi cha kustaajabisha. Mwaka 1916 Lord Rayleigh wa Uingereza akatoa nadharia ya vyumba hivyo kwa msingi wa uzito na wepesi, na kwa miaka 40 dunia ikaamini jambo limekwisha. Hesabu ya Rayleigh ni nzuri na bado inatumika, ila si hesabu ya kile Bénard alichokiona. Kulikuwa na dalili mapema: Bénard alikuwa amepima kwamba katikati ya kila chumba uso umebonyea kidogo sana, kwa kipimo cha elfu ya milimita, wakati mzunguko wa uzito ungepaswa kuuinua pale kimiminika kinapopanda. Bénard alifariki mwaka 1939 bila kulipata jibu.

Lilikuja mwaka 1956. Myron Block alionyesha kwamba vyumba hutokea hata katika tabaka jembamba mno ambalo uzito hauwezi kulisogeza, na kwamba ukitandaza usoni utando mwembamba wa silikoni, mzunguko unakufa papo hapo. Uzito wa kimiminika haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni ngozi tu. Miaka miwili baadaye J. R. A. Pearson akaandika hesabu yenyewe, na moja ya mambo yaliyomsukuma lilikuwa rangi inayokauka. Ilikuwa imeonekana kwamba vyumba hutokea katika rangi mbichi hata kama ubao umegeuzwa, uso wa rangi ukitazama chini. Ubao ukigeuzwa, kilicho baridi na kizito tayari kiko chini, hakina pa kuzama. Nadharia ya sufuria ingesema rangi itulie tuli. Haikutulia. Pearson alipata namba inayounganisha tofauti ya joto, kina, mnato na mabadiliko ya mvutano, leo huitwa namba ya Marangoni kwa heshima ya Mwitaliano Carlo Marangoni aliyechunguza mvutano wa uso katika miaka ya 1860. Namba hiyo ikifika karibu 80, tabaka lililolala juu ya sakafu inayopitisha joto haliwezi kutulia tena. Baadaye wanaanga wa Apollo 14 na Apollo 17, safari za Marekani za kwenda mwezini, walibeba sahani ndogo za kupashia mafuta yaliyotiwa vipande vya alumini, na katika safari ambamo uzito haukuwa na kazi ya kufanya, mafuta yalizunguka vilevile.

Turudi mezani kwako. Unga wa silva ni vipande bapa vya alumini. Kimiminika kinapokwenda kwa ulalo, vipande hulala na kung'aa. Kinapopanda au kuzama husimama kwa ubavu na kuonekana vyeusi. Kwa hiyo hukuona unga tu, uliona ramani ya mwendo. Katikati ya chumba kimiminika kinapanda (huko "kufurukuta" kwako), kinatawanyika usoni, kinazama kwenye kuta. Upana kutoka kitovu cha chumba hadi kitovu cha jirani, mzunguko unapoanza, ni karibu mara tatu na nusu ya kina. Kama vyumba vyako vilikuwa na upana wa milimita 5 hivi, basi kilichobaki mfunikoni kilikuwa na kina cha milimita moja na nusu. Jaribu siku nyingine uangalie: kadiri kinavyokauka, vyumba hugawanyika na kuwa vidogo, kisha rangi inapozidi kuwa nzito kila kitu husimama. Pembe sita hutokea kwa sababu chemchemi zenye nguvu sawa zinasukumana pande zote, na mpangilio huo ndio unaozitosha bila kuacha nafasi tupu.

Sasa mambo mawili niliyoahidi. La kwanza ni kwamba rangi si spiriti tupu. Ile hesabu ya milimita 1 ukiipeleka kwenye koti la moja ya kumi ya milimita, tofauti inayohitajika inakuwa digrii 1. Inaonekana ndogo, lakini kuishikilia digrii nzima katika unene huo kunataka kupoteza zaidi ya kilo 6 za spiriti kwa mita ya mraba kwa saa, na kwa mwendo huo koti lote lingekuwa limekwisha kabla ya dakika moja. Joto peke yake haliwezi kubeba mzigo huo katika koti la kawaida. Kinacholisaidia ni mchanganyiko: thina inaruka, gundi ya rangi inabaki, na gundi hiyo mara nyingi ina mvutano mkubwa kuliko thina. Toluini, kimiminika kinachotumika katika thina, kwa mfano, ina 28 hivi. Gundi nyingi za rangi za mafuta ziko juu ya 30. Kila mahali ambapo uso umepoteza thina nyingi panavuta zaidi, na hapohapo ndipo palipopoa zaidi. Joto na mchanganyiko vinavuta kamba upande mmoja, na mara nyingi mchanganyiko ndio wenye misuli. Anayekunywa divai ya Dodoma ameshaona kitu hichohicho kwenye ukingo wa glasi: kilevi kinaruka, maji yaliyobaki yanavuta, divai inapanda ukutani na kurudi kwa matone. James Thomson, kaka yake Lord Kelvin, alilieleza hilo mwaka 1855.

La pili ni kwamba kijivu chako kina unga wa aina mbili. Nyeusi ya kaboni ni laini mno na nyepesi; nyeupe ya titani, kwa ujazo uleule, ni nzito zaidi ya mara mbili. Mzunguko ukiwabeba wote wawili, hawaendi sawa. Kilicho laini kinafuata mkondo hadi kwenye kuta za vyumba na kukwama huko rangi inapokaza. Kizito kinabaki nyuma. Kikikauka unapata madoa au michirizi, na kwenye sehemu iliyosimama wima kama geti, vyumba huvutwa na mteremko vikawa mistari. Kipimo chake ni rahisi: rangi ikiwa imeanza kushika lakini bado mbichi, sugua sehemu moja kwa kidole. Uliposugua pakikauka na rangi tofauti na pembeni, unga wako umeachana, na hata ukibadilisha chapa ya thina bila kubadilisha namna unavyopaka, utarudi palepale.

Dawa yake inafuata sababu. Mimi ningeanza na unene: makoti mawili membamba kuliko moja zito, maana koti jembamba halina kina cha kuzungukia wala muda wa kufanya hivyo. Kisha kasi ya kukauka: chagua thina ya polepole kidogo, na usipake penye upepo wa mlangoni au feni ikikuelekea, kwa sababu upepo unaondoa mvuke na kuongeza baridi usoni. Lakini usiimiminie rangi thina ili "iteleze"; rangi nyepesi mno haina mnato wa kuzuia mwendo, na hapo unaupa mzunguko barabara ya lami. Wapo wanaotia tone la silikoni. Linafanya kazi, kwa sababu ileile aliyoionyesha Block, lakini likizidi kidogo koti linalofuata linakataa kushika na kuacha vishimo, na silikoni ikishaingia kwenye bunduki ya kupulizia kuitoa ni kazi. Ningeiacha kwa viwanda. Wenyewe huitumia hata kwa makusudi kinyume chake: ile rangi ya mabonyo ya nyundo inayopakwa kwenye sefu na mashine ni vyumba vyako hivihivi, vimetengenezwa kwa alumini na kiungo cha kuchezea mvutano, kisha vikagandishwa kabla havijatulia.

Nikiwa hapo, kama unapaka pia mbao, vanishi kupiga weupe ni ndugu wa jambo hili. Uso unaopozwa na thina ukishuka chini ya kiwango ambacho unyevu wa hewa hugeuka umande, maji yanatua kwenye koti bichi na kubaki kama ukungu. Dar es Salaam, hewa ikiwa na digrii 30 na unyevu wa asilimia 80, umande unaanza kwenye digrii 26: thina ikipoza uso kwa digrii 4 tu umeharibikiwa. Hewa ya digrii hizohizo 30 yenye unyevu wa asilimia 40, kama unavyoweza kuipata Dodoma wakati wa kiangazi, inakuachia nafasi ya digrii 15. Fundi aliyejifunza kazi bara akihamia pwani hushangaa thina aliyoizoea inamgeuka.

Ukitaka kujihakikishia yote haya bila kuniamini mimi, weka tena rangi ya silva iliyozimuliwa mfunikoni, kina cha milimita moja hivi, mahali penye hewa ya kutosha na mbali kabisa na moto, sigara au cheche za mashine ya kuchomelea. Vyumba vikishajichora, funika kwa kioo kisichogusa rangi. Mvuke utajaa chini ya kioo, kukauka kutakoma, na baada ya muda mfupi mwendo utalegea na kusimama. Ondoa kioo, utaanza tena. Joto la meza halijabadilika wakati wote huo. Usiweke uso wako juu ya mfuniko kutazama kwa karibu. Mvuke wa thina unalewesha na kuumiza.

Unaweza kujiuliza mbona maji kwenye sahani hayafanyi hivyo, na yenyewe yana mvutano mkubwa kuliko spiriti na thina. Uso wa maji huchafuka upesi kwa mafuta ya mkono na vumbi, na utando huo mwembamba hufanya kazi ya silikoni ya Block.

Kuhusu mwenzako: thina ya kughushi ipo, na ile iliyochanganywa mafuta ya taa ni ya kawaida kusikika. Lakini mafuta ya taa hukauka polepole, kwa hiyo thina ya namna hiyo ingekuonyesha vyumba dhaifu kuliko ulivyoviona. Kama bado ana shaka, adondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe na tone jingine la thina anayoiamini kando yake, aziache kivulini. Inayoacha alama ya mafuta saa moja baadaye ndiyo ya kurudisha dukani.